Somo la Mwezi: Shule na Nyumba Ugenini

Ya kusoma nyumbani kabla ya kukutana kikundi: Mwanzo 13:1–13 na Luka 14:28–30.



Si ajabu siku hizi kusikia katika matangazo ya Jumapili kwamba familia fulani inaombewa safari ya Uingereza. Wengi wao ni wauguzi. Tunawaombea, tunawachangia, tunawasindikiza mpaka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, kisha tunarudi nyumbani. Lakini liko somo moja ambalo hatuwafundishi kabla hawajaondoka, nalo ni hili: mtoto atasoma wapi, na familia italala wapi? Mwezi huu na tujifunze hilo. Nitasema habari za England tu, kwa kuwa Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

1. LUTU ALICHAGUA KWA MACHO

Katika Mwanzo sura ya 13 twasoma jinsi Abramu alivyomwachia Lutu achague kwanza. Lutu akatazama bonde la Yordani, akaona maji mengi na malisho, akachagua. Hakuuliza majirani ni nani, wala watoto wake watakua katikati ya watu gani. Tena hakuingia Sodoma siku ya kwanza. Alisogeza hema zake kidogo kidogo mpaka akafika karibu na mji.

Kuhama kwenyewe si dhambi, maana Abramu naye alihama. Kosa ni kuchagua kwa macho bila kuuliza. Naye Bwana wetu, katika Luka 14, afundisha kwamba ajengaye mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Basi na tuulize, kisha tuhesabu.

2. DESTURI YETU NA DESTURI YAO

Sisi tumezoea bweni. Mtoto akichaguliwa, mzazi hununua tranka, godoro, ndoo na jembe, akampandisha basi. Weruweru ilikusanya wasichana kutoka pande zote za nchi, na Old Moshi ilipokea wavulana ambao wazazi wao hawakupata kuuona mlima. Kwa hiyo mawazoni mwetu nyumba ni jambo moja na shule ni jambo jingine. Mzazi aweza kukaa Majengo au Marangu, na mtoto akasoma Tabora.

England sivyo. Shule za serikali hazitozi ada, na karibu zote ni za kutwa. Shule ikipata waombaji wengi kuliko nafasi, hufuata orodha yake ya kipaumbele iliyotangazwa: watoto walio chini ya uangalizi wa serikali, wenye ndugu shuleni hapo, kisha aghalabu wale wanaokaa karibu. Shule nyingi hupima umbali kwa mstari ulionyooka kutoka nyumbani hadi shuleni. Sisi wa mlimani twajua kwamba ng'ambo ya korongo ni karibu kwa macho na mbali kwa miguu. Lakini huko kipimo ni hicho, na nyumba mbili za barabara moja zaweza kupata shule mbalimbali.

Ndiyo kusema, mtu anayepanga nyumba huko anachagua shule, ajue asijue. Shule za bweni za kulipia zipo, lakini ada yake hufika makumi ya maelfu ya pauni kwa mwaka, na tangu tarehe 1 Januari 2025 imeongezwa kodi ya asilimia 20. Mshahara wa muuguzi hauziwezi.

Katika jambo hili mimi mwenyewe nilikosea. Mwanafunzi wangu wa zamani, akiwa tayari huko, alinipigia simu kuniomba shauri. Nami, kwa kuwa nilifundisha ualimu miaka mingi, nilijibu upesi: "Mwanangu, tafuta kwanza nyumba ya bei nafuu, shule hazikosekani." Alinitii. Akapanga pembeni mwa mji, akawaita mumewe na watoto. Shule mbili za karibu zilikuwa zimejaa katika darasa la kijana wake mkubwa. Akapewa nafasi shule ya mbali, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Wakati wa baridi alitoka nyumbani kungali giza, akarudi giza limekwisha kuingia. Alikuwa kijana mchangamfu. Kufikia Pasaka mama yake aliniambia kwamba hasemi neno mezani. Mwishowe walihama, wakapoteza fedha kwa kuvunja mkataba. Hakuna aliyewatendea vibaya. Mshauri wao ndiye aliyewafundisha kutanguliza nyumba.

3. UMRI WA MTOTO

Huko mtoto hupangwa darasa kwa umri, si kwa kidato alichofikia. Mwaka wa shule huanza Septemba. Sekondari ni Mwaka wa 7 hadi wa 11, yaani miaka 11 hadi 16, kisha hufuata miaka miwili ya masomo ya juu. Mtoto aliyekwisha kutimiza miaka 14 kabla ya siku ya kwanza ya Septemba huingia Mwaka wa 10, ambao katika shule nyingi ndio mwanzo wa masomo ya mtihani uitwao GCSE. Mtihani wenyewe hufanywa Mei na Juni za Mwaka wa 11.

Yafuata basi kwamba tarehe ya kumwita mtoto yapasa kufikiriwa kama mkulima anavyofikiri mvua za masika. Afikaye kabla ya Mwaka wa 10 kuanza ana miaka miwili kamili. Afikaye katikati ya Mwaka wa 11 anawakuta wenzake wakirudia masomo ambayo yeye hakuyasoma. Kijana aliye Kidato cha 4 hapa, kwa maoni yangu, na amalize mtihani wake wa Novemba, achukue cheti chake, ndipo aulizie chuo cha vijana wa miaka 16 hadi 18 huko. Na wazazi wajue mapema kwamba kijana ambaye familia yake haijapata ukaazi wa kudumu kwa kawaida hutozwa ada ya mgeni anapofika chuo kikuu.

Liko na jambo la kutanguliza kabla ya yote, nalo ni viza. Muuguzi aruhusiwa kwenda na mwenzi wake na watoto walio chini ya miaka 18. Wahudumu wa kutunza wazee walioomba viza ya kwanza ya kazi hiyo tangu tarehe 11 Machi 2024 hawakuruhusiwa kuchukua familia, na tangu Julai 2025 njia hiyo imefungwa kwa waombaji wapya walio nje ya nchi. Mtu akikuuzia njia hiyo leo hapa mjini, usimpe hata senti.

4. HESABU YA KODI

Mshahara wa muuguzi katika hospitali za serikali hufuata ngazi moja kwa nchi nzima. Anayeanza Daraja la 5 alilipwa pauni 31,049 katika mwaka wa fedha 2025/26, awe Sunderland au Leicester. London ya ndani huongezwa asilimia 20, na ya nje asilimia 15. Kodi za nyumba, lakini, hazifuati ngazi moja. Mwaka 2025 wastani wa kodi London ulizidi pauni 2,200 kwa mwezi. Kaskazini Mashariki ya England haukufika 800.

Sasa chukueni kalamu. Madalali wengi wa nyumba hutaka mshahara wa mwaka uwe angalau mara 30 ya kodi ya mwezi. Gawanya 31,049 kwa 30: utapata kama pauni 1,035. Hiyo ndiyo kodi ya juu atakayokubaliwa muuguzi mwenye mshahara mmoja. Kwa London ya ndani, pamoja na nyongeza, ni kama pauni 1,242. Kodi ya pauni 2,200 yadai mshahara wa 66,000. Mnaona wenyewe kwamba nyongeza ya London haifiki nusu ya njia. Jina la London ni tamu masikioni kama bonde la Yordani lilivyokuwa zuri machoni. Lakini muuguzi yule yule, kwa daraja lile lile, aweza kuishi na watoto wake kwa utulivu katika mji wa kaskazini.

Kodi si mwisho wa hesabu. Kuna kodi ya halmashauri, ambayo huko hulipwa na anayekaa ndani ya nyumba, tena umeme, gesi, maji na nauli. Uliza pia cheti cha joto cha nyumba, chenye herufi A hadi G. Kwa kawaida sheria hairuhusu kupangisha nyumba iliyo chini ya E. Nyumba ya kodi ndogo inayovujisha joto yaweza kukugharimu zaidi ya iliyo ghali kidogo.

Hapa Moshi mwenye nyumba aweza kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima. Huko, kwa sheria ya mwaka 2019, amana ya kawaida haizidi kodi ya wiki tano, na fedha ya kushikilia nyumba haizidi ya wiki moja. Kwa kodi ya pauni 750 kwa mwezi, wiki moja ni kama 173, na amana haizidi kama 865. Mwenye nyumba hana budi kuiweka amana hiyo katika mfuko uliothibitishwa na serikali ndani ya siku 30. Asilipe mtu fedha akiwa bado Moshi kwa nyumba aliyoiona kwenye picha tu.

5. UTARATIBU NINAOUSHAURI

Kwanza, mwenye ajira atangulie peke yake, akae chumba kimoja, hata kwa miezi michache. Ni uchungu kwa mume na watoto, lakini uchungu huo una mwisho.

Pili, apige simu ofisi ya shule ya halmashauri, aulize neno moja: shule zipi zina nafasi sasa katika mwaka wa mwanangu? Kwa Mwaka wa 7 maombi hufungwa tarehe 31 Oktoba ya mwaka unaotangulia. Kwa miaka mingine ya sekondari huombwa wakati wowote. Asiulize tu shule ipi ina jina. Shule iliyojaa haimsaidii.

Tatu, aitembelee shule, asome taarifa ya wakaguzi. Tangu Septemba 2024 wakaguzi wameacha kuipa shule ya serikali daraja moja la jumla, basi ni lazima kusoma ndani. Aulize: wageni wanaofika katikati ya mwaka husaidiwaje?

Nne, ndipo atafute nyumba iliyo karibu na shule hiyo, ndani ya hesabu tuliyoifanya. Akipata, apeleke maombi ya shule mara moja, maana nafasi haimngojei mtu. Akinyimwa, anayo haki ya kukata rufaa.

6. BARUA YA KASISI

Hili latuhusu sisi tuliobaki. Zipo shule za Kanisa la England ambazo, nafasi zikiwa chache, huuliza kama familia huabudu, na fomu hutiwa sahihi na Kasisi. Baadhi huuliza pia habari za kanisa familia ilikotoka. Ndiyo sababu wengine hufika kwa Kasisi wetu wiki ya mwisho, wakiomba barua ya kusema wamekuwa waaminifu miaka mingi, na sisi sote twajua walionekana Krismasi mbili.

Barua hiyo ikiandikwa kwa uongo, kiti anachopewa mtoto huyu ni kiti alichonyimwa mtoto mwingine. Ni hivyo hivyo kwa anayeandika anwani ya shangazi huku akikaa kwingine: shule ikigundua yaweza kuiondoa nafasi. Basi nawasihi, tusimtie Kasisi majaribuni. Anayetaka barua ya kweli na aanze sasa kuja ibadani, nasi tutamshuhudia kwa furaha, kwa miezi ile aliyokuja. Wala asikate tamaa, kwa sababu shule nyingi za huko, na hata nyingi za Kanisa, hazidai barua hiyo.

MASWALI YA KUJADILI

1. Lutu angeuliza maswali gani kabla ya kuchagua bonde?
2. Fanyeni hesabu: kodi ni pauni 900 kwa mwezi. Mshahara wa mwaka utakaotakiwa ni kiasi gani? Amana isizidi kiasi gani?
3. Baba anayebaki na watoto miezi sita mama akitangulia atasaidiwaje na mtaa wetu na Umoja wa Akina Mama?
4. Je, ni upendo kumwandikia mwenzako barua isiyo ya kweli?

TUOMBE

Ee Bwana, uliyemwongoza Abramu katika nchi asiyoijua, waongoze ndugu zetu wanaohama. Uwape kuuliza kabla ya kuchagua, na kusema kweli hata mahali wasipojulikana. Uwatunze watoto wao njiani asubuhi na jioni, nasi tuliobaki utufanye washauri wenye subira. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.