Majivu ya Bomu: Yapi Huanguka Karibu, Yapi Huenda Mbali

Mkulima apepetapo maharagwe, punje huanguka miguuni pake na makapi huchukuliwa na upepo. Majivu ya bomu la nyuklia nayo hutengana, lakini si kwa uzito tu. Hutengana pia kwa jinsi kila kitu kinavyoganda.

Tutazame bomu ambalo Marekani ililipua katika visiwa vya Bikini, Bahari ya Pasifiki, tarehe 1 Machi 1954. Lililipuliwa karibu na ardhi, basi joto lake liliyeyusha matumbawe mengi na kuyainua angani. Wingu lilipoanza kupoa, vitu visivyogeuka mvuke kwa urahisi, kama zirkoniamu na plutoniamu, viliganda kwanza, vikanaswa ndani ya chembe kubwa za matumbawe. Chembe hizo zilianguka upesi. Siku ile ile majivu meupe yaliwaangukia watu wa kisiwa cha Rongelap, na wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa baharini. Ngozi zao ziliungua.

Lakini strontiamu 90 na sesiamu 137 huchelewa. Sehemu kubwa ya vitu hivi huanza kama gesi, yaani kriptoni na zenoni, na gesi haigandi pamoja na mawe. Zinapogeuka, chembe kubwa nyingi zimekwisha kuwa ngumu. Basi vitu hivi hushika zaidi vumbi laini, ambalo laweza kukaa juu miezi mingi, hata miaka, kisha hushuka na mvua katika nchi za mbali.

Hapo ndipo jambo hili linapomfikia mfugaji. Strontiamu hufanana na kalisi, ile inayojenga mifupa. Ng'ombe huila pamoja na majani, huingia katika maziwa, na mtoto anywapo hukaa mifupani mwake. Baada ya miaka 29 hivi, nusu tu ndiyo imekwisha.

Kwa hiyo anayepima majivu ya karibu peke yake hawezi kujua madhara yote. Yafaa kupima pia mvua, majani na maziwa ya mbali. Katika mji wa St. Louis, Marekani, wataalamu walianza mwaka 1958 kukusanya meno ya utotoni yaliyong'oka, wakaona strontiamu ikiongezeka kadiri majaribio yalivyozidi.

Mwaka 1963 Marekani, Uingereza na Muungano wa Sovieti zilipatana kuacha majaribio ya angani. Jaribio la mwisho la angani lilifanywa na China mwaka 1980.

Maswali ya kuzungumzia:
1. Kwa nini plutoniamu nyingi huanguka karibu?
2. Kwa nini maziwa hupimwa hata mbali na mlipuko?