Wachoma Makala Wawili

Lwiro ni mahali katika nchi ya Kabare, kaskazini ya Bukavu. Mashariki liko ziwa Kivu. Magharibi uko mlima Kahuzi pamoja na mwitu wake mkubwa. Tangu mwaka 1970 mwitu huo ni Hifadhi ya Kahuzi-Biega, makao ya ngagi. Kukata miti ndani yake ni marufuku. Lakini mjini Bukavu watu wengi hupika kwa makala, na wauzaji huyatafuta kila siku.

Palikuwa na jirani wawili, wote wachoma makala. Wa kwanza aliingia mwituni usiku kwa siri. Alikata miti mibichi, akairundika ovyo, akaifunika udongo kidogo, akawasha moto, akaenda kulala. Udongo ukapasuka, hewa ikaingia, moto ukala kuni. Asubuhi alikuta majivu mengi na makala ya gunia moja tu. Pesa za kumsomesha binti yake sekondari hazikupatikana.

Akamwendea jirani yake, akamwuliza, «Ndugu, wewe unatumia dawa gani?»

Yule akacheka. «Dawa yangu ni subira, ndugu. Njoo uone.»

Jirani huyo alikuwa amepanda mikaratusi juu ya kilima chake, mbali na chemchemi, kwa sababu miti hiyo hunywa maji mengi. Alikata ile iliyotimiza miaka saba, akaacha visiki vichipuke tena. Kuni alizianika majuma kadhaa, kwani kuni mbichi hupoteza moto kwa kukausha maji. Kisha akazipanga zikabanana, akazifunika majani na udongo. Kando akasimamisha bomba la mapipa ya mafuta, kama wafanyavyo watu wa Casamance katika Senegal. Bomba huvuta moshi, na joto huenea sawasawa.

Walikesha pamoja, wakiziba kila ufa. Kwanza moshi ulikuwa mweupe: ndiyo maji yanayotoka. Ulipokuwa wa buluu na mwepesi, makala yalikuwa yameiva. Wakaziba matundu yote, wakangoja tanuru ipoe kabisa.

Tanuru ovyo hutoa kilo 10 mpaka 15 za makala katika kilo 100 za kuni kavu. Tanuru iliyolindwa vizuri yaweza kutoa kilo 25. Basi miti michache huleta pesa zilezile.

Chenga hazikutupwa, zilichanganywa na udongo wa mfinyanzi, zikafinyangwa mipira ya kupikia. Magunia yalipelekwa soko la Kadutu kwa gari moja, na wachoma makala kadhaa wakagawana nauli.

Yule wa kwanza alipata fungu lake, na muhula uliofuata binti yake alirudi shuleni. Naye akapanda mikaratusi yake mwenyewe. Haraka haraka haina baraka.

MASWALI
1. Kwa nini mchoma makala wa kwanza alipata gunia moja tu?
2. Kuni huanikwa kwa sababu gani?
3. Moshi wa buluu waonyesha nini?
4. Katika kilo 200 za kuni kavu, tanuru nzuri yaweza kutoa kilo ngapi za makala?