Mashine Inadai Chumvi, Bwawa Limejaa Chumvi

SWALI: Nyumba yetu ya wageni hapa Diani ina bwawa la maji ya chumvi. Mashine ya kutengeneza klorini inasema chumvi haitoshi, ingawa tumeongeza mfuko mzima. Tuongeze tena?

JIBU: Hapana, msiongeze. Pimeni kwanza kwa kipimo kingine. Mashine nyingi hutaka takriban gramu 3 kwa lita. Kama chumvi ipo, nashuku chokaa. Maji ya visima vya pwani hupita kwenye mawe ya matumbawe, na chokaa yake huganda kwenye bamba za seli, yaani sehemu ya mashine inayotengeneza klorini, hadi mashine ikadanganyika.

Zimeni umeme na pampu, mfungue seli. Mkiona utando mweupe, ilowekeni dakika chache katika asidi ya haidrokloriki, sehemu 1 kwa 10 za maji. Asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, kamwe si kinyume. Vaeni glavu na miwani. Nawasihi msikwangue kwa kisu: bamba ni za titani zilizopakwa madini adimu, na tabaka hilo likibanduka halirudi.

Angalieni pia pH, kwani mashine hizi huipandisha. Ibaki 7.2 hadi 7.6. Seli ikiwa safi, chumvi inatosha na klorini bado haitoki, basi imechoka, nunueni nyingine.