Uhakiki wa Leseni ya Mfanyabiashara wa Silaha Kabla ya Kuuza Bunduki Nje ya Mkoa

Watumishi wa Serikali na wakaazi wanaomiliki silaha kwa mujibu wa sheria wanakumbushwa kwamba bunduki haiuzwi kama baiskeli. Mwenye baiskeli akishapokea fedha zake, shughuli imekwisha. Mwenye bunduki hubaki ameandikwa katika kumbukumbu za Polisi, na nambari iliyochongwa katika chuma humrudia yeye siku silaha hiyo itakapokamatwa katika uhalifu, hata kama ilitoka mkononi mwake miaka mingi nyuma.

Mfano unachukuliwa Bangwe, mjini Kigoma, ambako mkoa mwingine uko mbali lakini nchi nyingine iko ng'ambo ya maji. Watumishi wa Visiwani nao wasidhani kuwa hizi ni habari za wenyewe wa bara. Polisi ni miongoni mwa mambo ya Muungano yaliyotajwa katika Katiba ya mwaka 1977, na mtumishi wa leo Unguja huenda kesho akawa na makaazi yake Ujiji.

Tuseme mstaafu wa Bangwe anayo bunduki ya kuwindia, nayo imeandikishwa kihalali. Anakuja mtu aliyeteremka katika treni ya kutoka Dar es Salaam, anajitambulisha kuwa mfanyabiashara wa silaha, na anatoa kivuli cha leseni chenye muhuri. Bei aliyotaja ni nzuri. Anataka kuondoka kesho.

Haraka hiyo peke yake yatosha kumzindua muuzaji. Kivuli cha leseni huonyesha tu kwamba ipo karatasi mahali fulani. Hakionyeshi kama leseni ingali hai, kama haikufutwa, wala kama aliyeishika ndiye aliyepewa. Hivyo muuzaji aombe kuona leseni yenyewe, alinganishe jina lililomo na kitambulisho cha mgeni, asome mahali biashara iliporuhusiwa kufanyika, aina ya shughuli iliyoruhusiwa na tarehe ya mwisho. Mwenye ruhusa ya kutengeneza silaha hakupewa kwa hiyo ruhusa ya kuzinunua. Ikiwa mgeni ni wakala tu, basi aonyeshe pia barua ya mwenye leseni.

Baada ya hapo muuzaji aende mwenyewe kituo cha Polisi na kuomba leseni hiyo ihakikiwe kwa aliyeitoa. Asipige simu kwa nambari aliyopewa na mgeni, kwani mwenye kughushi leseni hashindwi kumweka mwenzake wa kupokea simu. Jibu likichelewa, silaha nayo ichelewe kutoka. Na hata jibu likiwa jema, bado silaha haihami mkono mpaka mamlaka yatoe kibali cha kuhamisha umiliki. Sheria ya Silaha na Risasi ya mwaka 1991 ilifutwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, wala hakuna nafasi katika sheria hizo ya watu wawili kupeana bunduki barazani kwa kuaminiana.

Wenzetu wa Marekani, ambako bunduki ni nyingi mno, nao hawakuliacha jambo hili wazi. Chini ya sheria yao ya mwaka 1968, mtu binafsi kwa kawaida haruhusiwi kumuuzia moja kwa moja mkaazi wa jimbo jingine. Silaha hupitia kwa mfanyabiashara mwenye leseni ya serikali kuu. Anayempelekea mfanyabiashara huyo aweza kuihakiki leseni katika daftari la serikali kwa kutumia tarakimu 3 za mwanzo na 5 za mwisho za nambari yake. Njia ni tofauti na yetu, lakini huko pia jibu hutafutwa kwa aliyetoa leseni.

Kwa Kigoma liko jambo zito zaidi. Ziwa Tanganyika linagawanywa na nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Leseni ya biashara ya silaha iliyotolewa Bujumbura au Kalemie haimpi mtu haki ya kununua bunduki Bangwe, wala mkaazi haruhusiwi kuipakia katika mtumbwi bila idhini ya Serikali. Nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004 ili silaha zitiwe alama, kumbukumbu zitunzwe na wafanyabiashara wadhibitiwe. Fikra yenyewe si ngeni: katika karne ya 19 bunduki na baruti vilipita Ujiji katika biashara ya pembe za ndovu, na Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikwishataka silaha zitiwe alama na mwenye kuruhusiwa kuchukua moja atoe dhamana kwamba hatamuuzia mwingine.

Warithi wazingatie kwamba leseni hairithiwi. Bunduki ya marehemu ipelekwe Polisi kwanza, na habari za kuiuza zifuate baadaye.

Makabidhiano yafanyike mbele ya Polisi, pamoja na risasi zilizobaki. Muuzaji abaki na nakala ya kibali, nambari ya silaha, nambari ya leseni ya mnunuzi na tarehe. Asiondoke kituoni kabla ya kuthibitishiwa kwamba silaha hiyo imeondolewa katika jina lake.