Sanduku la Kufuli Tatu



Somo hili nililitoa kwenye darsa ya Alhamisi, nikaombwa niliandike. Naanzia nyumbani, Ludara, wilaya ya Koboko, kwa sababu huko ndiko nilikolisikia mara ya kwanza bila kulielewa.

Mama yangu yumo kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, kama vilivyo vingi huku West Nile. Hukutana kila wiki chini ya mwembe. Pesa zao hukaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Sanduku hutunzwa na mtu mmoja, funguo na watu wengine watatu, na hao watatu si mwenyekiti wala mwandishi. Halifunguliwi ila mkutanoni. Pesa huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote, na kabla ya kufunga, kiasi kilichobaki hutangazwa ili kila mmoja akishike kichwani, hata asiyejua kusoma. Wiki inayofuata mkutano huanza kwa kuulizana: tulibakiza ngapi?

Nikiwa shule ya msingi nilimwuliza, "Mama, ninyi ni majirani, wengine ndugu. Mbona hamwaminiani?" Akanijibu, "Funguo zote zikikaa kwangu, siku pesa ikipungua hata shilingi elfu moja, wewe mwenyewe utasema nini?"

Jibu lake nilikuja kulipata chuoni. Nilichaguliwa mweka hazina wa jumuiya, na Ramadhani ikaingia. Michango ya futari ilikuja kwenye simu yangu, mingine kwenye simu ya amiri. Tulinunua sukari, unga, maharage na kuni, tukalipa wapishi. Wallahi hatukula senti. Lakini risiti nilizichomeka mfukoni, nyingine zikafuliwa pamoja na kanzu, na daftari niliahidi kuliandika "wikendi hii". Katikati ya mwezi amiri akaonekana na simu mpya. Kaka yake alimpa, lakini nani alijua?

Minong'ono ilianza kwenye foleni ya uji. Baada ya siku chache haikuwa tena habari ya simu, ilikuwa habari ya kabila. Jumuiya yetu ina Wakakwa, Waaringa, Walugbara, Wanubi, Waganda na ndugu kutoka Sudan Kusini. Amiri na mimi sote Wakakwa. Basi ikasemwa pesa "zinakaa Koboko". Dada zetu, ambao ndio waliokuwa wakichanga kwa wingi, wakaanza kupika futari yao hosteli. Waliobaki wakagawanyika vyungu viwili.

Sisi viongozi tulifanya nini? Tukapanda mimbari. Tukawasomea watu maonyo ya Suratul Hujurat, aya ya 12, juu ya dhana mbaya, upelelezi na kusengenya. Kila tulichosema kilikuwa haki, na bado ninaamini kwamba hilo lilikuwa kosa letu kubwa kuliko yote. Mtu aliuliza hesabu, akapewa mawaidha. Akaondoka na mambo mawili: hajajibiwa, na sasa ameitwa mwenye dhambi. Jumuiya ilikuwa pia na mfuko mdogo wa kuwasaidia wasiomaliza ada ya mitihani. Muhula ule haukupata kitu. Ndugu mmoja aliyekuwa akiutegemea alirudi nyumbani bila kufanya mtihani, na ni mtu ambaye hakumnong'ona yeyote.

Tusome basi Mtume, rehema na amani zimshukie, alifanyaje. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya Bibi Safiyya, mkewe, aliyemtembelea usiku akiwa katika itikafu. Alipoinuka kumsindikiza, wakapita watu wawili wa Ansari, wakaharakisha mwendo. Akawasimamisha na kuwajulisha kwamba aliyekuwa naye ni Safiyya. Wakashangaa: wao wamdhanie mabaya yeye? Akawaeleza kuwa shetani hutembea ndani ya mwanadamu kama damu, naye alichelea asitie jambo mioyoni mwao. Hawakuwa wameuliza. Hakungoja wadhani ndipo awakemee. Kama kuna kiongozi aliyestahili kusema "niaminini tu", ni yeye, na ndiye aliyejieleza kwanza gizani kwa watu wawili wapita njia.

Iko pia habari ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka, akarudi na kugawa mafungu: hili lenu, hili nimezawadiwa mimi. Mtume alilisema jambo hilo mimbarini, hadharani, akauliza kama mtu huyo angeketi nyumbani kwa wazazi wake zawadi hiyo ingemfuata. Na aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu nini? Kuandika deni na kuweka mashahidi. Waliokuwa wakiisikia walikuwa masahaba. Hakuna aliyeambiwa kwamba kwa kuwa nyote ni waumini, kalamu wekeni kando.

Msidhani haya ni ya vijana wa futari tu. Waislamu wa Uganda tumeyaishi kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1960 tulikuwa na pande mbili, jumuiya ya Mwanamfalme Badru Kakungulu na NAAM, iliyoundwa mwaka 1965 chini ya Adoko Nekyon, waziri wa serikali ya Obote. Mwaka 1972, wakati wa Idi Amin, likaundwa Baraza Kuu la Waislamu ili tuwe kitu kimoja. Baada ya 1979 mivutano ikarudi. Kisha yakaja madai ya kuuzwa kwa mali za Waislamu wakati wa Mufti Shaban Mubajje, aliyechaguliwa mwaka 2000. Kesi ilifika mahakamani, naye akaachiwa huru. Lakini mwaka 2009 upande wa Kibuli ulikwisha kumweka kiongozi wake, Sheikh Zubair Kayongo, na hukumu haikuwarudisha watu meza moja. Simhukumu mtu hapa. Ninachotaka mkione ni kwamba hakimu anaweza kukufutia kosa, lakini kukurudishia imani ya watu si kazi yake.

Mwaka uliofuata nilichaguliwa tena, kwa kura chache mno. Nikaomba kitu kimoja: anayeshika pesa asiwe anayeandika daftari. Daftari tukampa dada mmoja wa Yumbe ambaye hakunipigia kura, na alinieleza hivyo waziwazi. Michango ikaenda kwenye namba moja tu. Kila Ijumaa baada ya Alasiri tukatangaza kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, na anayetaka risiti anaziona palepale. Manung'uniko yoyote yaletwe kwa mhusika kabla hayajaenda kwenye kundi la WhatsApp, kwa kufuata aya ya 6 ya Hujurat inayotaka habari zichunguzwe.

Mwanzoni tulipitiliza. Tulitaka sahihi tatu hata kwa kununua sukari, na siku moja tukafuturu kwa maji matupu kwa sababu mwenye sahihi ya tatu alikuwa mjini Arua. Tukaweka kiwango: vitu vidogo mweka hazina ananunua, anaeleza Ijumaa.

Wiki ya tatu, yule ndugu aliyenisema sana mwaka uliotangulia akainua mkono. Alikuwa amezijumlisha risiti mwenyewe, akakuta pungufu ya shilingi 4,000. Tukahesabu mbele ya watu. Alikuwa sahihi, nilikuwa nimelipa bodaboda nikasahau kusema. Nikatoa 4,000 mfukoni, yule dada akaiandika, na yule ndugu akachanga 10,000 yake palepale.