Mtoto Hajatimiza Arubaini, Studio ya Nini?

Juu ya maduka ya leso ya Biashara Street, Mombasa, mpiga picha aliyekabidhiwa barua za wasomaji ana studio yenye taa, vitambaa vya mandhari na vikapu vya kila ukubwa. Akiitwa kumpiga picha mtoto mchanga, huifunga studio hiyo na kwenda nyumbani kwa mzazi. Barua zilizouliza bei na nguo za kuvaa aliziweka kando. Alizozijibu ni zile zilizomkera au kumtia hofu.

Studio au nyumbani? Na je, mtoto aweza kutolewa kabla ya arubaini? (Barua za Kibokoni, Majengo, Tudor na Likoni zimejibiwa pamoja.)

Nyumbani.

Sababu yake ya kwanza ni joto. Mwili wa kichanga unatakiwa uwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na Shirika la Afya Duniani linataka hata chumba cha kujifungulia kisishuke chini ya nyuzi 25. Sasa ingia studio yenye AC iliyotegwa nyuzi 18 kwa kuwa taa zinachoma na mpiga picha anatokwa jasho. Humo ndimo mtoto wa siku nane anavuliwa nguo zote. Chumba cha mzazi Mombasa, ukizima feni, kina joto linalomfaa bila kununua hita.

Ya pili ni safari. Mama wa Likoni atavuka feri katikati ya umati, apande tuktuk, kisha ateremke kwenye barabara ambayo siku za kukaribia Idi hata mkokoteni hupita kwa taabu. Chanjo ya kifaduro mtoto huipata kwa mara ya kwanza akiwa na wiki sita. Kabla ya hapo, kikohozi cha abiria asiyejulikana si jambo la kupuuzwa.

Ya tatu ni mama mwenyewe. Wapo wanaosema kukaa arubaini ni ushamba. Mpiga picha huyu anawaalika wapande ngazi za studio yake wakiwa na mshono wa upasuaji, halafu wazungumze. Kwake arubaini ni ratiba ya kazi: asubuhi mzazi anakandwa, kwa hivyo kamera ije baada ya hapo. Na anayetaka picha za mtoto akiwa na nywele zake awahi kabla ya akika ya siku ya saba, maana zikishanyolewa hakuna la kufanya.

Studio anaikubali pale nyumba inapokosa dirisha la maana, au wageni wanapokuwa wengi hata mtoto hana pembe ya kulala. Hapo masharti ni yake: AC izimwe mapema, kila mtu anawe mikono, mwenye mafua abaki nje, na mama asitoke chumbani hata dakika moja.

Nyumba yetu ya Mji wa Kale ina giza. Picha zitatoka kweli?

Zitatoka, ila si sebuleni chini. Nyumba za matumbawe zina kuta nene na vichochoro vyake ni vyembamba, kwa hivyo mwanga hubaki juu. Pandeni ghorofa, sogezeni kitanda kando ya dirisha, shusheni pazia jepesi jeupe, kisha zimeni balbu zote. Wengi huwasha taa wakidhani wanasaidia, kumbe wanachanganya rangi mbili za mwanga na uso wa mtoto unageuka wa chungwa. Ukuta uliopakwa kijani nao hurudisha ukijani kwenye ngozi. Tundika shuka nyeupe mbele yake. Kenya Power wakikata umeme, kazi inaendelea.

Kuhusu kitambaa, hakuna haja ya kuagiza sufu kutoka ng'ambo. Hapo hapo Biashara Street kuna duka la Kaderdina Hajee Essak, wenye leso za chapa ya Mali ya Abdulla, lililoanza mwaka 1887. Jozi moja inatosha kumfunika mama na kumfunga mtoto. Lakini leso mpya ina wanga na rangi inayochuja. Ifuliwe kwanza, zaidi ya mara moja.

Ni kweli flashi inapofusha watoto wachanga?

Hili ndilo lililomfanya aweke kalamu chini na kuvuta pumzi. Mwaka 2015 ilienea habari kutoka China kwamba mtoto wa miezi mitatu amepofuka kwa sababu rafiki wa familia alimpiga picha kwa karibu na akasahau kuzima flashi. Madaktari wa macho waliipinga. Pingamizi halikusafiri. Habari yenyewe ingali inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kila mara ikipewa mji mpya.

Mwanga wa flashi ya kamera hukaa kiasi cha sehemu moja ya elfu moja ya sekunde. Watoto njiti, ambao macho yao ni dhaifu kuliko ya mtoto yeyote, huchunguzwa na madaktari kwa taa kali inayoelekezwa ndani ya jicho huku kope zimeshikwa wazi, na si kwa nukta moja. Wangekuwa wanapofuka kwa mwanga, uchunguzi huo unaookoa macho yao usingekuwepo. Mtoto akipigwa flashi usoni atafumba macho na kushtuka, basi. Mpiga picha anayejua kazi huielekeza kwenye dari nyeupe mwanga ushuke polepole, kwa sababu ya uzuri wa picha na usingizi wa mtoto.

Tena flashi imewahi kuokoa. Mboni moja ikionekana nyeupe pichani badala ya nyekundu au nyeusi, na hali hiyo ikijirudia, mtoto apelekwe kwa daktari wa macho bila kungoja: yaweza kuwa saratani ya jicho ambayo duniani humpata takriban mtoto 1 kati ya 15,000 hadi 20,000. Ikiwahiwa hutibika.

Kinachomchoma ni kwamba wanaoogopa flashi ndio hao hao wanaompaka mtoto wanja wa manga ndani ya macho ili apendeze pichani. Wanja wa namna hiyo mara nyingi una madini ya risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Akifika nyumbani akakuta kichupa cha wanja mkononi mwa somo au bibi, husema kwa adabu zote, "Shikamoo bibi, leo tumwache alivyo." Bibi akikataa, kamera inarudi begani.

Nataka ile picha ya mtoto aliyejishika mashavu kwa viganja, kama chura.

Hakuna mtoto mchanga anayekaa hivyo. Ni picha mbili zilizounganishwa kwenye kompyuta: moja mtu mzima ameshika kichwa, nyingine ameshika mikono, kisha mtu anafutwa. Ile ya mtoto aning'iniaye ndani ya kitambaa ni ujanja huo huo. Tangu Anne Geddes wa Australia atoe kitabu chake cha watoto ndani ya maua na maboga mwaka 1996, kila mwenye kamera anadhani mtoto ni pambo la kupangwa. Fundi akimwachia mwanao hata kidogo ili "apate pozi", mchukue mtoto wako.

Macho na ngozi yake ni manjano. Unaweza kuondoa rangi hiyo?

Anaweza, kwa mibofyo miwili, na hataki kuulizwa tena. Manjano yakitokea siku ya kwanza, au yakifika viganjani na nyayoni, mtoto ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Kumwanika dirishani si tiba. Picha itangoja.

Picha haitamletea mtoto kijicho?

Basi usiibandike WhatsApp.

Mpiga picha ameweka mtoto wangu Instagram bila kuniuliza. Anasema picha ni kazi yake.

Kazi ni yake, mtoto ni wako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ni mojawapo. Mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mwandikie azitoe. Akikaidi, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Na safari nyingine, maelewano hayo yaandikwe kabla hajafungua begi, hata kama ni binamu yako.

Itachukua muda gani?

Nyumbani, saa mbili au tatu, na nyingi za hizo ni za kunyonyesha, kubeua na kubadilisha nepi. Anayeahidi nusu saa anakusudia kumfanyia kazi mtoto mwenye njaa. Asipewe hata arbuni.