Makumbusho: Neno na Fuvu

Mwanafunzi wa Balambala, kando ya Mto Tana, aweza kuanza kulielewa jumba la makumbusho kwa kulichambua jina lake. Kitenzi kumbuka huzaa kumbusha. Kiambishi ma- na kiishio -o huunda makumbusho. Kazi ya jumba hilo, basi, ni kukumbusha.

Tulipime neno hili kwa fuvu la Mtwa Mkwawa wa Wahehe, Tanzania. Alipojiua mwaka 1898, Wajerumani walimkata kichwa wakakipeleka kwao. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza fuvu lirejeshwe. Lilirudi mwaka 1954 kutoka Bremen, likawekwa Kalenga, Iringa. Bremen lilikuwa fuvu miongoni mwa mafuvu. Kalenga lina jina na jamaa.

Kwa mujibu wa lugha yenyewe, mkusanyiko usiomkumbusha mtu yeyote ni ghala tu.